Nyamwamba Ilipofukia Kivuko

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka kutoka milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, na mawe na magogo, ukapiga Kilembe, penye machimbo ya shaba, na mji wa Kasese. Huku bondeni kivuko cha zamani, pale watu na mifugo walipovukia mto kwa miguu, kilifukiwa chote. Ndicho wazazi wetu walichokitumia tangu enzi za treni ya kupeleka shaba Jinja, kwenye reli iliyofika Kasese mwaka 1956.

Maji yalipopungua, wazee walituita tutafute pengine. Vijana walikimbilia palipo pembamba, maji yamelala kimya. Mzee mmoja akawakataza: pembamba ndipo penye kina. Alitupeleka juu ya kona, mto unapotanuka na maji kuvunjika vijiwimbi ukingo hadi ukingo, kwa kuwa hapo changarawe iko karibu.

Aliingia asubuhi, maana mvua ya milimani mara nyingi hunyesha mchana na maji kujaa jioni. Mti wake wa kuegemea ulimpita kimo. Aliukita upande wa maji yanakotoka, akauegemea, akasogeza mguu mmoja, akapapasa, ndipo akahamisha wa pili. Hakukata moja kwa moja, alikwenda mshazari akifuata maji kidogo. Aliyemfuata alianza kuyumba. "Mwanangu, usitazame maji, tazama ule mti wa ng'ambo!" Maji yanayokimbia huzungusha kichwa. Yalifika juu kidogo ya goti, nasi tukaridhika. Yakigusa kiuno, mkondo hukunyanyua na nyayo hazishiki tena.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Kwa mitalimbo tuling'oa mawe ya mviringo, yale yanayoteleza na kuvunja miguu ya mbuzi, tukayapanga mstari upande wa chini ili changarawe isichukuliwe. Mstari ukapandishwa mno. Maji yakawa yanaanguka nyuma yake, yakachimba shimo, na mawe yakatumbukia humo. Tulipoyarudisha tuliyazika nusu, migongo yake ikalingana na sakafu ya mto, na hapo yakatulia. Kingo zilikatwa kwa mteremko mrefu na kumwagwa kokoto, la sivyo kwato huzigeuza tope siku hiyohiyo.

Mwisho tulichimbia nguzo yenye alama ya kina. Maji yakifunika alama, hakuna kuvuka, hata mgonjwa akiwa mgongoni. Na alama ikiwa bado inaonekana, lakini maji yameanza kuwa kahawia, yanaleta majani mabichi, na mawe yanasikika yakigongana chini, aliye katikati atoke kwa ukingo ulio karibu, mzigo auache.