Nukta Iliyokosekana kwenye Z50

Kisu kilikivaa kibano saa nne asubuhi, na aliyebonyeza kitufe ni mimi.

Ilikuwa mwaka 2014, Chang'ombe, Dar es Salaam. Karakana tatu tulikuwa tumegawana kazi ya flenji 90 (vyuma vya duara vya kuungia mabomba) za pampu za maji, kila karakana 30, kwa sababu hakuna ambaye angezimaliza peke yake kwa siku tulizopewa. Mashine zetu hukata chuma zenyewe kwa kufuata amri za kompyuta, kwa hiyo ili flenji zifanane, programu iliandikwa na mtu mmoja, dada wa karakana ya jirani ambaye kwenye kompyuta hana mpinzani. Aliijaribu kwake, ikatoka flenji safi. Akaniletea kwenye flashi.

Nikafunga chuma, nikapima sifuri, yaani mahali vipimo vyote vinapoanzia, nikabonyeza. Kisu kikashuka na kusawazisha uso wa chuma, nusu milimita kama kilivyoagizwa. Nikageuka kuchukua chai yangu. Mstari uliofuata ulisema G0 Z50, yaani nyanyuka milimita 50 juu ya kazi, kisha X118.5, nenda upande wa pili kwa kasi. Hakikunyanyuka. Kilishtuka kidogo tu, halafu kikatimka kulia hadi kwenye kibano kilichoshika chuma. Mpaka leo sufuria ikianguka jikoni, mkono wangu hutafuta kitufe chekundu cha kusimamisha mashine.

Kosa tulilipata mchana, baada ya kulaumiana vya kutosha. Kompyuta ya mashine yetu ilikuwa ya kampuni ya Fanuc, na kwa jinsi ilivyopangwa, namba isiyo na nukta ilihesabiwa kwa mikroni, yaani elfu moja ya milimita. Z50 kwake ni mikroni 50, unene wa unywele. Ukiandika Z50. na nukta yake, hapo ndipo inapata milimita. Mashine ya dada haikujali nukta. Na ile X118.5 ilikuja na nukta yake, kwa hiyo ikasafiri safari nzima bila wasiwasi.

Jioni tukakaa wote chini ya mkungu. Kijana mmoja akasema dawa ni rahisi, tubadilishe parameta 3401, mpangilio mmoja wa ndani ya kompyuta, na mashine itasoma kila namba kama milimita. Fundi wetu mkuu nusura amwage chai. "Bwana mdogo, humu ndani kuna programu za miaka kumi. Ile iliyoandikwa X50000 ni milimita 50. Ukigeuza, mashine itataka kwenda mita 50, itoke getini!"

Basi ikabidi tuandikiane sheria zetu. Nukta kwenye kila namba, hata sifuri. Milimita zitajwe mstari wa kwanza, mashine isidhani ni inchi. Hapo tu tukakwama tena: tuzitaje vipi? Karakana ya tatu walikuwa na kompyuta ya kampuni nyingine, Siemens, na kwao G71 ni tangazo la milimita. Kwenye mashine yetu ya kukereza yenye Fanuc, G71 ni amri ya kukwangua chuma kwa mizunguko. Sisi milimita tunaziita G21. Neno lile lile, kumbe mmoja anasema "habari za asubuhi" na mwenzake anasikia "kata". Kiwango cha kimataifa cha misimbo hii, ISO 6983, kipo tangu 1982, lakini kiliacha misimbo mingi bila kazi, na kila mtengenezaji akajaza mapengo kivyake. Sioni kwa nini watu wanakiita kiwango, ila basi.

Dada ndiye aliyetukwamua. Alikuwa amesoma habari za kiwango kingine, ISO 14649, ambacho hakiiambii mashine nenda huku, rudi kule. Kinaeleza kitu chenyewe: tundu, kipenyo chake, kina chake, hatua ya kulitoboa. Njia ya kufika mashine ijitafutie. Hatukuwa na mashine inayoelewa hayo, lakini sisi wenyewe tunaelewa. Akasema, "Wazee wangu, tuache kutumiana misimbo. Tutumiane tundu." Kwa hiyo tukapanga jedwali: kila tundu na vipimo vyake na kiasi cha kosa kinachovumilika, kila kisu na namba yake, na nani kabadilisha nini siku gani. Msimbo kila karakana ingejiandikia.

Kilichotula saa mbili nzima ni sifuri. Sisi na dada tulitaka iwe katikati ya flenji, juu. Mzee wa karakana ya tatu alitaka kona ya jiriwa, alivyofundishwa ujanani, na akatueleza ujana huo kwa kirefu. Giza likaingia, mbu wakatuzidi, tukapiga kura. Akashindwa. Akaondoka bila kumaliza chapati yake.

Wiki iliyofuata nikaenda kwake kuchukua flenji tuzipime pamoja. Programu ilikuwa wazi kwenye skrini. Kwenye Siemens, maneno yanayofuata alama ya nukta-mkato mashine huyaruka, ni ya kusomwa na fundi tu, na juu kabisa mzee alikuwa ameandika: ; SIFURI KATIKATI. SIKUBALI ILA NIMEFUATA.