Kondoa kwa Baiskeli, na Zamu za Kurudi

Waendesha baiskeli wa Dodoma hupanga safari kwa kuuangalia upepo kwanza, barabara baadaye. Wakati wa kipupwe, mvua zikiwa zimekwisha na mtama na uwele umeshaingizwa ghalani, upepo wa kusini-mashariki huvuma karibu kila siku tangu jua linapopanda hadi jioni. Anayetoka mjini kuelekea Mbande na Kongwa hukutana nao usoni, ilhali anayeshika njia ya Kondoa huupata mgongoni. Safari yetu ya kipupwe hiki ilikuwa ya Kondoa, kilomita 150 na ushee kutoka mjini, kisha Kolo kwenye michoro ya miambani, kisha kurudi kwa njia ile ile. Kila mtu alijua kwamba upepo utakaotusukuma wakati wa kwenda ungetudai wakati wa kurudi, na nina hakika wakongwe wa kikundi waliichagua njia hiyo kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa walikuwa na wageni wa kufundishwa kupokezana.

Kikundi chetu hukutana katika kibanda cha fundi, karibu na soko la Majengo. Zamani kilikuwa cha watu wachache waliozaliwa hapa hapa, wengi wao wakiwa na baiskeli walizorithi kwa baba zao. Baada ya mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati, walikuja watumishi kutoka Dar es Salaam ambao walishangaa kuona mji ambao mtu anaweza kupanda baiskeli kutoka nyumbani na baada ya nusu saa akawa katikati ya mibuyu. Leo wamo dereva wa lori, wahasibu, kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu tu, na muuguzi aliyehamishiwa hapa kikazi, ambaye jina lake la barabarani ni Nesi. Fundi ndiye nguzo ya wote. Hakuna anayekwenda safari ndefu kabla Fundi hajaizungusha rimu yake mbele ya macho yake na kusikiliza gololi za ekseli.

Jioni ya kuamkia safari kibanda kilijaa. Adui mkubwa wa tairi katika nchi hii ni mbigili, kijimmea kinachotambaa pembeni mwa barabara na kuacha mbegu zenye miiba migumu, na baada yake miiba ya migunga inayobebwa na mbuzi na mikokoteni hadi kwenye lami. Fundi hukata tyubu kuukuu kwa urefu, akautandika mkanda wake ndani ya tairi, kati ya mpira na tyubu mpya, ili mwiba ukipenya ukutane na unene wa pili. Kazi hiyo huongeza uzito, na wageni wenye baiskeli za bei kubwa hulalamika, lakini sijaona aliyelalamika baada ya kufika Chemba. Tuligawana mizigo: mmoja pampu, mwingine viraka na gundi, mwingine cheni ya akiba, Nesi sanduku la dawa. Kila mmoja alibeba tyubu mbili, moja yake na moja ya mwenzake.

Tuliondoka alfajiri, baridi ikiuma vidole, tukapita Miyuji na Msalato wakati wanafunzi wakianza kujitokeza barabarani. Taratibu zetu si nyingi, ila hazivunjwi. Tunakaa kushoto, wawili wawili pale barabara inaporuhusu na mmoja mmoja pale isiporuhusu. Anayeongoza hutaja kila kitu anachokiona, shimo, mchanga, mbuzi, na neno hilo hurudiwa na kila anayefuata hadi limfikie wa mwisho. Wa mwisho naye hutaja magari yanayotoka nyuma. Mtu asiyesikika anahesabiwa kuwa ni hatari kwa wenzake, hata akiwa na miguu ya chuma.

Veyula tulivuka barabara mpya ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 inayouzunguka mji, kisha tukaingia Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu na visima ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa tegemeo la maji ya Dodoma. Hapo tulianza kukutana na waendesha baiskeli wengine, wale ambao hawavai kofia ngumu wala hawaendi kwa burudani: wauza maziwa wenye madumu yaliyofungwa pande zote mbili za karia, wabeba kuni, vijana waliopakia magunia ya mkaa hadi baiskeli yenyewe haionekani. Mwalimu ametufundisha kuwaamkia kila mmoja na kuwapisha kwenye mteremko, kwa sababu mtu mwenye gunia mbili nyuma na breki za vyuma hawezi kusimama ghafla kama sisi. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Sisi tunaoitwa wapenzi wa baiskeli tuna deni kwa watu hao, maana ndio waliozizoesha barabara hizi magurudumu mawili tangu zilipokuwa vumbi tupu.

Kabla ya Mayamaya tulimfikia mzee mmoja aliyekuwa akikanyaga taratibu juu ya Phoenix nyeusi, gunia la alizeti nyuma yake. Mwalimu alipunguza mwendo akasema, "Mbukwenyi." Mzee aliitikia kwa furaha, nasi vijana tukatoa shikamoo zetu kwa zamu. Badala ya kumpita, Mwalimu aliinua mkono, na msafara mzima ukashuka hadi kwenye mwendo wa mzee yule, ambaye alijikuta katikati ya watu kumi na mmoja. Alituambia kwamba ujanani alikuwa akiipeleka karanga mjini kwa baiskeli hiyo hiyo, akilala njiani, na kwamba palipokuwa na mchanga mtu alishuka na kusukuma, akiombea asikutane na lori. Fundi, ambaye hakuacha kuiangalia Phoenix hiyo tangu tulipoikaribia, alimwomba asimame, akaikaza cheni yake, akatia grisi kidogo kwenye pedeli. Mzee alitaka kulipa, Fundi akakataa, ndipo mzee akafungua gunia akatugawia alizeti kwa viganja. Tuliachana naye kwenye njia panda ya kijijini kwake.

Lami kutoka Dodoma hadi Babati ina urefu wa kilomita 251, na ilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Ni sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo tangu enzi za ukoloni ilikusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo, na Fundi anakumbuka wakati ambapo kufika Kondoa kwa baiskeli kulimaanisha kubadilisha rimu ukirudi. Siku hizi ugumu ni jua na vilima. Mji wa Dodoma uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari na Kondoa uko juu zaidi, hivyo barabara hupanda polepole kwa namna ambayo macho hayaioni ila mapaja yanaijua. Upepo ulitusaidia. Kati ya Mayamaya na Chemba tulikwenda kwa kasi ambayo kijana wa chuo aliidhani ni yake mwenyewe, akawa anatoka mbele peke yake kila baada ya kilima, hadi Mwalimu alipomfikia kwenye kivuli cha mbuyu na kumwambia bila ukali, "Mwanangu, hao unaowaacha leo ndio utakaojikinga nyuma yao keshokutwa."

Chemba tulipata pancha ya kwanza, ya dereva wa lori. Nataka kuieleza, kwa sababu mtu akitaka kujua kikundi cha baiskeli ni cha namna gani, akitazame kinapopata pancha. Hakuna aliyeuliza ni ya nani wala itachukua muda gani. Wawili walisimama nyuma kuwaashiria wenye magari, mmoja alitoa gurudumu, Nesi alizamisha tyubu kwenye beseni la mama lishe akitafuta mapovu, na Fundi alipitisha kidole ndani ya tairi pole pole mpaka akaupata mwiba, kwani kuziba tundu na kuuacha mwiba ndani ni kujitafutia pancha ya pili. Wengine walikuwa wameshaagiza ugali, mlenda na maharage kwa ajili ya waliokuwa kazini, na hakuna aliyetia tonge mdomoni kabla tairi halijajazwa upepo.

Kondoa tuliingia jioni. Wenzetu Waislamu walikwenda kuswali magharibi, sisi wengine tukakaa kulinda baiskeli, kisha zamu ikageuka tulipokwenda kutafuta chakula. Usiku uani mwa nyumba ya wageni tulisafisha cheni kwa mafuta ya taa, na hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa mazuri zaidi, mikono ikiwa na kazi na hakuna anayetazamana na mwenzake: habari za watoto, za mikopo, za goti linalouma.

Asubuhi tulipanda kuelekea Kolo kupitia vilima vya Irangi. Pembeni mwa barabara yanaonekana makorongo mekundu yaliyochimbwa na maji, na kati yake miti iliyorudi. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa ili ardhi ipumzike. Mwalimu alisimama mara kadhaa kutuonyesha mahali ambapo nyasi na vichaka vimelishika korongo, akieleza jinsi uamuzi ule ulivyowaumiza wafugaji kabla haujalipa. Kolo tuliacha baiskeli, tukachukua mwongozaji wa mambo ya kale, tukapanda kwa miguu hadi Mungumi. Michoro hii ya Kondoa iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Ile ya zamani, myekundu, ya watu wembamba na wanyama pori, huhusishwa na wawindaji, na Wasandawe tuliopita karibu na nchi yao katika Wilaya ya Chemba hutajwa miongoni mwa warithi wao. Ile myeupe ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Wenyeji bado hufanya matambiko mahali hapo. Tulikaa kimya kwa heshima, tukashuka.

Kurudi kulikuwa safari nyingine. Tuliondoka Kondoa saa kumi usiku, taa zikiwaka, kwa kuwa upepo hulala na kuamka na jua. Hadi kunapambazuka tulikuwa tumekwisha kula kilomita nyingi. Baada ya hapo ukatushika. Anayekaa karibu nyuma ya mwenzake hupunguziwa kazi kwa kiasi kikubwa, pengine robo au zaidi, na anayeongoza ndiye anayelipa kwa niaba ya wote, kwa hiyo Fundi alipanga zamu kwa vibao vya kilomita: unavuta kutoka kibao hadi kibao, unasogea pembeni, msafara unakupita, unashika mkia. Upepo ulitoka mbele upande wa kushoto, maana yake kivuli chake kilikuwa upande wa kulia, kuelekea katikati ya barabara ambako malori hupita. Fundi alikataza kabisa mtu kukifuata kivuli hicho. Ni afadhali uchoke ukiwa kushoto.

Kwa desturi, aliye dhaifu zaidi huwekwa nafasi ya pili au ya tatu na haongozi kabisa. Nafasi hiyo alipewa Nesi, ambaye alikuwa na msimu mmoja tu wa mazoezi, naye akaikubali mpaka Chemba. Baada ya chai alisema, "Kaka Fundi, na mimi nipange. Zamu ni zamu." Wahasibu walitazamana. Fundi alifikiri kidogo, akamweka baada ya dereva. Kibao chake kilipofika alitoka mbele, mwendo ukashuka mara moja, na kijana wa chuo aliyekuwa nyuma yake akabaki akishika breki kidogo kidogo ili asimguse. Hakuna aliyempita. Sauti ya Mwalimu ilitoka mkiani, "Mwendo ni wa Nesi!" na neno hilo likarudiwa mtu kwa mtu kama vile tunavyorudia habari ya shimo. Alivuta kilomita yake yote. Aliposogea pembeni, kila aliyempita alimgusa bega, na zamu yake iliporudi hakuna aliyetazamana.

Nimewahi kuendesha na watu wenye kasi kuliko hawa, na sina hamu ya kurudi kwao. Alasiri hiyo, kati ya Mayamaya na Makutupora, tulikuwa tumechoka kiasi kwamba maneno yalibaki yale ya lazima tu, shimo, mbuzi, gari, lakini msafara haukukatika hata mara moja, na kijana wa chuo, bila kuambiwa, alivuta vibao viwili mfululizo pale dereva alipobanwa na misuli.

Makutupora tulisimama kwa chai na mihogo ya kukaanga, na mtunza fedha akahesabu mchango uliobaki mbele ya wote. Baadhi walitaka zigawanywe. Ikaamuliwa zinunue tairi la nyuma la kijana wa chuo, ambalo lilikuwa limeisha kabisa, na salio liwe la viraka. Safari ijayo ni ya Mpwapwa, upepo ukiwa usoni tangu mwanzo, na Fundi amemkabidhi Nesi kazi ya kupanga zamu.