Nilivyoupata mhimili wa msaji wa futi 17 kwa nyumba yetu ya Mji Mkongwe

Ubao wa futi 17 haupatikani dukani. Mbao za paini zinazoletwa Unguja kutoka bara nyingi ni za futi 12, mbili kwa nne au mbili kwa sita, na kwa kupaulia nyumba ya kawaida zinatosha kabisa. Sisi tulihitaji kitu kingine: mti wa inchi 6 kwa 10, mrefu wa kuvuka ukumbi mzima na kulala ndani ya kuta za pande zote mbili, tena mgumu wa kubeba sakafu ya juu yake.

Nyumba ni ya babu yetu, iko Sokomuhogo, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vyake ni vyembamba kama vya nyumba nyingi za Mji Mkongwe, kwa kuwa sakafu zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti nzuri ya mkoko haivuki mbali. Ikizidi futi 10 hivi huanza kupinda kwa uzito wa mawe na chokaa. Ukumbi wa ghorofa ya kwanza ndio mpana: futi 14 kwa 18. Aliyeujenga aliulaza katikati mhimili mmoja wa msaji, yaani mtiki, wa aina iliyokuwa ikiletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, kisha boriti zikaegemea juu yake kutoka pande mbili.

Kwa macho mhimili ule ulikuwa mzima. Fundi wetu, mzee aliyefanya kazi za nyumba hizi tangu ujana wake, alipanda ngazi na kuugonga katikati, ukalia kavu kabisa. Akasogea hadi ukutani, akachomeka bisibisi pale mti unapoingia kwenye jiwe. Ikazama yote mpaka mpini, na ikatoka na unga mweusi wenye unyevu. "Mwanangu, maji ya mvua yameteremka na ukuta huu miaka mingi," akasema. "Kati kuzima, kichwa hakuna." Tulijua habari za nyumba zilizokwisha kuanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria hapa hapa Mji Mkongwe, iliporomoka, na watu wakafa. Siku ile ile tulisimamisha nguzo za muda chini ya ukumbi, tukafunga mlango.

Ami yangu alitaka tumwage zege. Nilimpinga kwa heshima, na bado naamini nilikuwa na haki. Zege ni zito mno kwa kuta za chokaa, na saruji huziba unyevu ambao kuta hizi zimezoea kuupumua. Chuma nacho, kwa upepo wa chumvi tulio nao, hupata kutu, kikafura na kupasua mawe. Halafu nyumba za Mji Mkongwe, ambao uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, hazikarabatiwi kiholela. Mamlaka ya Mji Mkongwe lazima itoe kibali, na mti kwa mti ndiyo njia nyepesi ya kukubaliwa.

Kwanza niliulizia mbao za nyumba zilizovunjwa. Boriti nilizipata huko, za mikoko kavu ya zamani, nikazibadilisha chache zilizooza bila kukatiwa mkoko hata mmoja mpya, na hilo lilinifurahisha sana, maana mikoko yetu imekwisha kukatwa vya kutosha. Mhimili wa urefu ule haukuwepo. Dalali mmoja akaniletea habari ya mvule kutoka bara, bei nzuri, lakini kila nikiuliza karatasi ananiambia zitafuata nyuma. Nikaachana naye.

Wazo la msaji wa Muheza alinipa seremala wa Tanga. Kule kuna shamba la misaji la Longuza, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na magogo yake huuzwa kwa mnada. Mtu wa kutafuta ubao mmoja haingii mnadani. Unamtafuta mwenye mashine ya kupasulia aliyekwisha kununua magogo, unampa vipimo, na anakuchagulia gogo.

Vipimo ndivyo vilivyonishughulisha kuliko yote. Futi 14 ni nafasi ya wazi tu. Kila kichwa kiingie ukutani inchi 9, ikawa futi 15 na nusu. Vichwa hupasuka mti ukikauka, kwa hiyo uachie inchi kadhaa za kukata kila upande. Ndiyo futi 17.

Mpasuaji alinisikiliza kwenye simu, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Unataka kiini kitupu, au hata nyeupe?" Sehemu nyeupe ya nje ya msaji huliwa na wadudu kama mti mwingine wowote; sifa zote za msaji zimo kwenye kiini cha kahawia. Tena akanishauri nisichukue gogo zima la 6 kwa 10, maana moyo wa mti, ile nukta ndogo iliyo katikati kabisa ya kiini, ukibaki ndani, ubao hupasuka kutoka ndani kwenda nje unapokauka. Apasue vipande viwili vya 3 kwa 10, kila kimoja upande wake wa moyo, tuje tuviunge kwa bolti. Nilimwuliza fundi wangu, akakubali papo hapo, na akataka vichwa vipakwe rangi ya mafuta kabla ya kusafirishwa ili visikauke haraka kuliko katikati.

Kabla sijalipa nilichukua mwanzi wa futi 17, mimi na mpwa wangu, tukaubeba begani kutoka barabara ya gari hadi mlangoni kwetu. Kwenye kona ya pili ukagoma. Tukajaribu kuusimamisha wima, nyaya za umeme zikatuzuia. Tukazunguka na njia nyingine yenye kona iliyo wazi zaidi, ukapita ukiwa umebaki upana wa kiganja. Njia hiyo ndiyo waliyoipita mahamali baadaye, kipande kimoja kimoja, na ndipo nilipoona faida nyingine ya kupasua viwili. Mti mbichi wa 6 kwa 10 ungekaribia kilo 200.

Mzigo ulikuja na hati ya kusafirishia iliyoandikwa idadi na vipimo, na kila kipande kimegongwa alama kwa nyundo ya misitu kwenye kichwa. Usikate vichwa njiani hata kama vina ufa: alama hukatika, na vipimo havitalingana tena na hati. Bandarini vilipimwa upya, nikalipa ushuru, vikatoka. Usafiri na malipo ya njiani yalikaribia bei ya mbao zenyewe, kwa hiyo mwenye kupanga bajeti aziweke fedha hizo tangu mwanzo.

Tulivilaza kivulini juu ya matofali, vijiti katikati ili upepo upite. Kukausha kamili inchi 3 ni kazi ya miaka, na ukumbi usingesubiri. Fundi aliviunga kwa bolti zilizopakwa zinki, akainua boriti kwa jeki kidogo kidogo, akaulaza mhimili juu ya jiwe bapa kila upande, akajaza kwa chokaa na kuacha nafasi ya hewa kichwani. Bomba la mvua lililoleta balaa lote tulilibadilisha kwanza, kabla ya kugusa ukuta.

Kaskazi ilipokwisha alirudi na spana. Kila nati ilikubali kukazwa zaidi ya nusu mzunguko, kama alivyotabiri. Atarudi tena mwakani. Chumba cha nyuma nacho kina mhimili wa aina hiyo, mfupi zaidi, na kichwa chake cha kusini kimeanza kulainika. Vipimo vyake nimeshavituma Muheza.