Mnyweshaji alimsahau Yusufu, Iniesta hakumsahau Jarque

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki nzima nimekwama kwenye mstari mmoja tu, Mwanzo 40:23, yule mkuu wa wanyweshaji hakumkumbuka Yusufu, akamsahau. Karudishwa kazini, kikombe anampa Farao kama zamani, na aliyemfasiria ndoto bado yuko gerezani, miaka miwili mizima! Mstari huu unanichoma, kila nikiomba unarudi.

Sasa kuna kiungo wa Hispania, Andrés Iniesta, aliyestaafu Oktoba 2024. Wengi mnamjua kwa lile bao la fainali ya Kombe la Dunia 2010 kule Johannesburg, dakika ya 116, Uholanzi wanalala 1-0 na Hispania wanabeba kombe kwa mara ya kwanza. Mimi kinachonigusa ni kilichofuata. Anavua jezi, na kadi ya njano akapewa kweli, ndani kuna fulana nyeupe imeandikwa kwa mkono kwamba Dani Jarque yuko nasi daima. Jarque alikuwa nahodha wa Espanyol, rafiki yake tangu timu za vijana za taifa, moyo ulisimama Agosti 2009 akiwa na miaka 26 tu na mwenza wake ni mjamzito. Miezi kumi na moja imepita jamani, dunia nzima inamwangalia yeye, na yeye anaonyesha jina la marehemu! Tena hapo katikati mwenyewe alikuwa anapambana na sonona, amelisema wazi, kwa hiyo asije mtu akasema alikumbuka kwa vile mambo yake yalikuwa mepesi.

Iniesta alikuwa anachezea Barcelona, na Espanyol na Barcelona ni mahasimu wa mji mmoja, ila alipoenda uwanjani kwa Espanyol Desemba 2010 mashabiki walimpigia makofi, siku ambayo timu yao ilifungwa 5-1. Makombe anayo mengi, manne ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, lakini wale hawakumpigia makofi kwa ajili ya makombe.

Wapendwa niseme ukweli, sisi kuzika tunajua. Turubai, michango, kwaya, masufuria, nyumba imejaa. Halafu? Kuna mama tulimzikia mume mwaka jana, juzi ananiambia tangu arobaini hakuna mshirika aliyebisha hodi kwake. Na huyu mama ndiye aliyefunga na kuomba na nyie mlipokuwa mnatafuta mtoto, mlipokuwa hamna kazi, leo mnasimama mbele kutoa ushuhuda wa gari na kiwanja, jina lake hamlitaji hata mara moja! Yakobo 1:27 tunaikariri wote, kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, sasa nani amewatazama?

Ukipewa maiki Jumapili hii, mtaje kwanza aliyekuombea. Na Jumamosi saa nne asubuhi tunaenda kwa mama, paa la jiko linavuja, mwenye bati au misumari aje nayo, kina dada mchele na mafuta, na tukimaliza tusikimbie, tukae naye mpaka jioni.