Vinyama 46 na mkasi mmoja: siku yangu kliniki ya ngozi

Saa 1:30 asubuhi. Vifaa vinatoka kwenye otoklevu, mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu, nyuzi 121 kwa dakika 30. Ninaujaribu mkasi mdogo kwenye gozi iliyolowa, kitambaa chepesi cha vidonda. Mkasi butu haukati, unatafuna, na kinyama kilichotafunwa kinauma na kuvuja damu bure.

Saa 2 hadi saa 4. Mapunye, ukurutu, chunusi, upele wa mtoto. Foleni inakwenda.

Saa 4:10 anaingia mama mmoja, kilo 80. "Mwanangu, toa vinyama hivi vyote leo. Jumamosi namwozesha binti." Leo ni Jumatano.

Kuhesabu ndiyo kazi ya kwanza, na watu hawaioni. Shingoni 31, kwapani 9, chini ya matiti 4, kwenye kope 2. Kila kimoja nakibonyeza. Kinyama cha kawaida ni laini na kinaning'inia kwenye shina jembamba. Chenye uso mkavu wa kukwaruza huenda ni chunjua, na dawa yake ni nyingine. Chenye kitovu katikati kina njia yake pia. Kimoja cha shingoni ni kipana, kimebadilika rangi na kiliwahi kutoka damu, kwa hiyo hicho kitakwenda maabara kwenye kichupa cha fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze. Viwili vya shingoni vimeungua, alivipaka mafuta ya maganda ya korosho. Sivigusi mpaka ngozi ya pembeni ipone.

Shingo yake ni nyeusi na nene kama mahameli. Wengi huisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu, kumbe hiyo na vinyama vingi kwa pamoja ni sababu ya kupima sukari. Yake ni milimoli 9.4 kwa lita, na alishakunywa chai. Arudi asubuhi nyingine kabla ya kula chochote.

Nikamwambia vyote leo haiwezekani, na hapo ubishi ukaanza. Shoga yake alitolewa vyote saluni kwa nusu saa, sisi tunachelewesha nini? Nami namuuliza, saluni hiyo mkasi wanauchemshia wapi? Damu ya mteja wa asubuhi ikibaki kwenye mkasi, homa ya ini huyo wa mchana anaweza kuibeba nyumbani. Namweleza: ganzi si kikwazo. Lignokeini, dawa yenyewe ya ganzi, ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa mililita, na isipochanganywa na adrenalini ya kubana mishipa ya damu nahesabu miligramu 3 kwa kilo, kwa hiyo mwisho wake ni mililita 12. Hatufiki hata robo. Kikwazo ni vidonda. Kwapa lina jasho na msuguano, na vidonda tisa humo siku ya kucheza ngoma ni mateso. Vya kope ni vya daktari wa macho. Na Jumamosi shingo itakuwa bado na vigaga, kwa sababu vinachukua siku 7 hadi 10. Amekubali shingo tu, atavaa mtandio. Mkufu hapana. Hilo la mkufu limetugharimu dakika kumi nyingine.

Nakagua matundu ya hereni. Hayajavimba, kwa hiyo hofu ya kovu la kuumuka inapungua. Nasafisha kwa iodini, siyo spiriti, maana mashine ya kuchoma panapovuja damu ikigusa spiriti mbichi moto unawaka shingoni mwa mtu.

Vya chini ya milimita 2 havihitaji ganzi, sindano inauma kuliko mkasi. Vikubwa tisa napiga mililita 0.2 kwenye shina kwa bomba la insulini. Ukizidisha, ngozi inavimba na shina linapotea. Kisha koleo, kuinua kidogo tu, na kukata mara moja sambamba na ngozi. Ukivuta sana, ngozi ya chini inapanda kama hema, unakata hema lote na kuacha shimo. Ukikata juu, kishina kinabaki na mtu anarudi kudai hela yake.

Kwenye cha 17 umeme ukakatika. Jenereta? Mafuta hakuna. Mashine imekufa, kwa hiyo nabana kwa gozi na kidole, dakika mbili, tatu, na penye ukaidi kijiti cha pamba chenye alumini kloridi ya kukata damu. Naitrojeni ya kugandisha sitamani hata ingekuwepo, kwa ngozi zetu inaua rangi kabla ya kuua kinyama, na doa jeupe linakaa miezi. Mgongo unauma. Mama anauliza kama damu ikidondoka itaotesha vingine. Hapana, mama, haioteshi.

29 vimetoka. Saa nane hivi, au imepita. Vaseline mara mbili kwa siku, maji na sabuni ruksa, vigaga visibanduliwe. Pakiwa na usaha au joto, arudi bila kungoja tarehe. Kwapa na chini ya matiti, baada ya wiki mbili.

Mkasi umelowekwa kwenye klorini dakika kumi, kichupa kimeandikwa jina na upande wa shingo. Mlangoni kuna kijana kashika kola.

"Daktari, kimoja tu."

Nimevaa glovu nyingine.