Nilivyomdai fidia aliyeniibia cherehani

"Achana nae, akishafungwa inatosha." Huo ndo ushauri niliopewa na kila mtu, mpaka mjomba angu anaejifanya mwanasheria wa ukoo. Inatosha kwa nani jamani? Jamaa aende jela, mi nibaki bila cherehani, na hata wakimpiga faini inaenda serikalini, mi hata harufu yake siisikii.

Siku ya kwanza nikaenda nimejaa hasira. Kuulizwa hasara ni kiasi gani nikataja hela ndefu hiyo, nimejumlisha cherehani, usumbufu, usingizi niliokosa, mpaka kelele za shemeji. Hakimu akaniangalia kwa juu ya miwani, "hesabu hii umeitoa wapi?" Nikajibu "moyoni mheshimiwa." Watu wakaangua kicheko, mi natamani ardhi ipasuke.

Nikarudi kujipanga. Risiti sina, niliinunua mkononi. Ila kwenye simu nikakuta picha ya mwanangu kakenua kuonyesha pengo, na nyuma yake cherehani, ukiivuta ile picha namba ya kwenye bamba inasomeka kabisa! Alafu nikaprinti meseji za wateja na tarehe zake, "gauni langu vipi", "nirudishie advansi yangu", hizo ndo kazi nilizopoteza. Ukiibiwa usifute meseji, hata za matusi.

Na kumbe Umoja wa Mataifa walishatoa tamko tangu 1985, mkosaji arudishe mali au alipe hasara na gharama alizosababisha, na serikali ziangalie kuifanya fidia iwe moja ya adhabu. Mjomba hakuwahi kulisikia.

Basi yule jamaa akapewa kifungo cha nje na kunilipa kwa awamu. Hela ya wateja niliyodai ikakatwa nusu, haya. Mjomba akang'aka eti kaachiwa, sasa akiwa ndani angenilipa na nini?

Awamu mbili kalipa mwenyewe. Ya tatu akaja mama yake, noti kazifunga kwenye kitambaa, ananihesabia moja moja bila kunitazama. Nikapokea nikasaini, lakini njia nzima najiuliza, huyu mama aliniibia lini? Ya nne nikamwambia karani sipokei mpaka aje mwenyewe. Akaja, kachelewa wiki mbili, vidole vimejaa rangi ya ukutani, kumbe kapata kibarua.