Lakini Ligeti Alitangulia

Kwateti yangu mpya, utunzi wa vyombo vinne vya nyuzi, imepigwa Berlin na Köln, redio imerekodi onyesho la pili, na barua ya kutualika tena mwakani imeshafika. Hata hivyo usiku huu, ndani ya treni ya kuelekea Vienna, kinachonizunguka kichwani ni maneno ya kijana mmoja mpiga selo, ile fidla kubwa, katika darasa nililofundisha kwenye chuo kimoja cha Ujerumani.

Aliniuliza kwa adabu, mbele ya wenzake, kuhusu György Ligeti, mtunzi wa Ulaya: "Mwalimu, mbinu hii ya kupishanisha mapigo uliipata kwa Ligeti?" Nikamjibu kwamba niliipata Kampala, nikiwa nimekaa mkabala na Mzee wa Kawempe, amadinda, marimba kubwa ya vibao vya mbao ya Uganda, ikiwa kati yetu juu ya magogo ya mgomba. Akatafakari, kisha akasema: "Lakini Ligeti alitangulia." Nikasema: "Alitangulia kuichapisha." Tukaendelea na ukurasa uliofuata.

Alitangulia. Neno hilo halinitoki. Ligeti ni mtunzi ninayemheshimu sana, na yeye mwenyewe hakuficha kwamba alijifunza mengi kwa kusikiliza muziki wa Afrika, ukiwemo ule ambao mtafiti wa muziki Simha Arom aliurekodi katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, kabla ya kutoa kitabu cha kwanza cha mazoezi yake ya piano mwaka 1985. Wapigaji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, walikuwa wakizipiga nyimbo za amadinda ndani ya Lubiri, jumba lake la kifalme, muda mrefu kabla ya hapo, hadi jumba lilipovamiwa mwaka 1966 na wao wakatawanyika. Hata tukihesabu kwateti peke yake, mtunzi Justinian Tamusuza wa Uganda alikwishaipitia njia hii, na kundi la Kronos Quartet la Marekani wakaitoa kazi yake katika albamu ya mwaka 1992. Nilikuwa na haya yote mdomoni, na nikatoa maneno mawili tu. Nimeyapima tena na tena, na bado naona yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa makavu mno kwa kijana aliyeuliza kwa nia njema.

Baada ya mapumziko niliwaambia wafunge nota. Niliwaketisha wapiga fidla wawili uso kwa uso, kama wanavyokaa wapigaji wa amadinda yenye vibao 12: wa kwanza akashika mfululizo wake kwa mapigo yaliyolingana, wa pili akaingiza wa kwake katika nafasi zilizobaki katikati. Kila mmoja alisisitiza kwamba pigo kuu ni la kwake na kwamba mwenzake ndiye anayepiga pembeni. Yule wa selo akauliza: "Basi nani kati yao yuko sahihi?" Nikamwambia wote wawili, kisha nikampa kazi ya mpigaji wa tatu, ambaye husikiliza sauti mbili za chini kabisa popote zinapojitokeza, akazirudia juu. Alikaa kimya kwa muda mrefu, upinde ukiwa hewani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshtuka: "Kuna wimbo hapa ambao hakuna anayeupiga."

Mzee aliningoja wiki nzima niusikie wimbo huo, na hakunidokezea hata siku moja kwamba upo. Nilitaka kumkumbatia yule kijana. Hakuifuta kauli yake kuhusu Ligeti, wala sikumtaka aifute. Alipiga mpaka mlinzi akaja kufunga chumba, na mimi nilitoka nikiwa na furaha ambayo Köln haikunipa.

Sasa hivi Rehema ameandika kwamba tarehe ya upasuaji wa mtoto wa jicho wa Mama imebadilishwa, ni Ijumaa hii. Hamisi yuko Mwanza, Mama hakubali kupanda bodaboda, na presha yake inatakiwa ipimwe kabla ya siku hiyo. Sijui nani atamfikisha hospitali.